Kompyuta Iliyosingiziwa Uzembe

Ghala moja la asali hapa Tabora, upande wa Isevya, lilinunua kompyuta mpya ya kuendeshea hifadhidata. Mpya kwa maana yetu ya mtaani: mtumba ulioletwa kwa basi kutoka Dar es Salaam, umeviringishwa blanketi. Ni zile kompyuta ndogo za mezani zinazotumia prosesa ya kompyuta mpakato, Intel wa kizazi cha Coffee Lake. Kwa umri iko miaka mingi mbele ya ile iliyokuwa ikifanya kazi, memori ni maradufu, diski ni SSD. Kila fundi aliyepita akaitazama alisema hapo mama mwenye ghala amepata.

Kijana aliyeandika programu ya ghala akahamisha data, akaendesha jaribio lake la kasi, majibu yakaja kinyume. Alilipima swali (ombi linalotumwa kwa hifadhidata) la kufunga hesabu za msimu, lile linalokusanya kila ndoo iliyopokelewa kutoka Sikonge, Urambo na Kaliua na kuioanisha na unyevu wake, daraja lake na malipo ya mrina. Mashine ya zamani ilimaliza kwa takribani sekunde mbili. Mpya, karibu saba. Akarudia, saba. Akazima na kuwasha, safari hii ikatoka chini ya mbili, akashukuru Mungu. Akaenda kunywa chai. Aliporudi, saba tena.

Muuzaji alikuwa ametoa siku chache za kurudisha mzigo kama una kasoro, na zilikuwa zinaisha. Mwenye ghala aliponiita hakutaka maelezo marefu. “Mwanangu, niambie kitu kimoja: niirudishe au nisiirudishe?”

Nilianza na joto, kwa sababu prosesa inayochemka hujipunguzia kasi na mashine za mtumba huja na vumbi la nchi nzima. Joto lilikuwa la kawaida, prosesa inakimbia kwa kasi yake kamili. Diski haikuhusika, data yote ilikuwa inaenea kwenye memori. Kilichonisumbua ni ile chai. Mashine inayofanya vizuri ikiwa kazini, kisha inaharibika ikipumzika, si mashine iliyochoka. Kuna uamuzi imeufanya wakati haina la kufanya.

Nikamwomba kijana anionyeshe amri anayopimia. Ilikuwa EXPLAIN ANALYZE, amri ya programu ya hifadhidata ya PostgreSQL, ambayo kila mtu wa hifadhidata anaijua: inaendesha swali lako kwelikweli, halafu inakupa muda wa kila hatua. Amri nzuri sana. Ila ili ijue muda wa kila hatua, hutazama saa ikiingia kwenye hatua na kutazama tena ikitoka, na hufanya hivyo kwa kila mstari wa data. Mistari milioni moja ikipita hatua tatu, saa imetazamwa mara milioni sita. Hapo swali la hifadhidata linawekwa kando kidogo. Swali linakuwa: kutazama saa mara moja kunagharimu nini?

Kwenye mashine iliyo sawa, kati ya nanosekunde (sehemu za bilioni za sekunde) 20 na 30 au zaidi kidogo. Kutazama mara milioni sita ni chini ya robo sekunde, mtu anavumilia. Lakini ikiwa mtazamo mmoja unachukua mikrosekunde moja (nanosekunde elfu moja), mara milioni sita ni sekunde sita kamili. Sekunde sita za kuangalia saa, juu ya sekunde moja ya kazi. Na namba yetu ilikuwa saba.

Hili halijagunduliwa Tabora. Nyaraka za PostgreSQL zenyewe zina mfano wake: swali la kuhesabu mistari kama laki moja linachukua milisekunde 9.8 likiachwa peke yake, 16.6 likipimwa kwa saa ya haraka, na 115.9 likipimwa kwa saa ya polepole. Mashine ni ileile, data ileile. Ndiyo maana tangu toleo la 9.2, la mwaka 2012, wameweka programu ndogo ya kupima gharama ya saa, pg_test_timing, pamoja na uwezo wa kumwambia EXPLAIN asipime muda wa kila hatua. Watu wengi hawajui kuwa vitu hivyo vipo, na kijana wetu hakuwa na sababu ya kuvijua. Mashine ya zamani haikuwahi kumdhulumu.

Kabla ya kufungua chochote nilichukua simu yangu, nikaweka saa ya kuhesabu. Tuliliendesha swali mara nyingi mfululizo bila ANALYZE, kwanza kwenye mashine ya zamani, kisha mpya. Kidole cha binadamu kinachelewa sehemu mbili au tatu za kumi ya sekunde, lakini kinachelewa mwanzoni na mwishoni tu. Katikati hakiigusi kazi. Mpya iliiacha ya zamani mbali. Kwa kazi hii saa ya simu, pamoja na kidole changu, ilikuwa na heshima kuliko kipimo kilichoandika tarakimu tatu baada ya nukta. Mwenye ghala akaambiwa asirudishe. Kwake kesi iliishia hapo, akaenda kupokea mzigo. Kwetu ndiyo ilikuwa inaanza.

Nani aliibadilisha saa

Linux, mfumo endeshi wa mashine zote mbili, husema inatumia saa gani. Ukisoma faili hili:

/sys/devices/system/clocksource/clocksource0/current_clocksource

kwenye mashine ya zamani jibu lilikuwa tsc. Kwenye mpya, hpet. Tukawasha upya, ikasema tsc. Tukaiacha imekaa kimya, tukaangalia tena: hpet.

TSC ni kihesabu kilichomo ndani ya prosesa yenyewe. Kukisoma ni amri moja, na kerneli, yaani moyo wa Linux, huiwekea programu ukurasa wa memori wenye hesabu za kugeuza namba hiyo kuwa wakati, hivyo programu inapata saa bila kubisha hodi kwenye kerneli. Zamani kihesabu hiki kilikuwa na sifa mbaya. Kilipanda na kushuka na kasi ya prosesa, kilisimama prosesa ikilala, na kila kiini kilikuwa na hesabu yake. Prosesa za Intel tangu kizazi cha Nehalem cha mwaka 2008 zina TSC inayokwenda kwa kasi moja hata prosesa ikibadili mwendo au ikilala. Lakini sifa mbaya haifutiki kwa siku moja, na waandishi wa kerneli hawakuiamini TSC bila kuiwekea mlinzi.

HPET ni saa iliyoko nje ya prosesa, kwenye chipu za mazabodi. Kwa karatasi ni saa nzuri, kiwango chake kinataka angalau mipigo milioni 10 kwa sekunde, yaani hatua isiyozidi nanosekunde 100. Lakini kuifikia ni safari: programu inaingia kwenye kerneli, kerneli inatuma ombi nje ya prosesa, inasubiri jibu, inarudi. Zaidi ya hapo, tangu Januari 2018 kerneli zilipojengewa ukuta dhidi ya shambulio la Meltdown, kuingia na kutoka kwenye kerneli kumekuwa ghali zaidi kwa prosesa za aina hii. Unapata saa yenye alama zisizozidi nanosekunde 100 ambayo kuitazama kunachukua mikrosekunde nzima au zaidi. Ukiitazama mara moja kwa sekunde hutasikia chochote. Ukiitazama kwa kila ndoo ya asali ya miaka yote, inakumaliza.

Sasa yule mlinzi. Kila nusu sekunde kerneli hulinganisha TSC na saa nyingine. Kwenye kerneli za wakati ule, tofauti ikizidi milisekunde 62.5 TSC hutangazwa kuwa haitegemeki, huondolewa, na nafasi yake huchukuliwa na saa inayofuata kwa ubora. Kumbukumbu za mashine zilikuwa na tangazo hilo, dakika chache baada ya kuwashwa, saa ya chai. Mlinzi alikuwa HPET. Mshitaki ndiye huyohuyo aliyerithi kiti.

Na mshitaki alikuwa mwongo. Baadhi ya mashine za Coffee Lake, zikishalala usingizi ule mzito kabisa unaoitwa PC10, HPET yao hupotea hesabu. Mashine ikiamka, TSC inasema muda huu umepita, HPET inasema umepita mwingine, na kwa kuwa utaratibu unamwamini mlinzi, anayefukuzwa ni TSC. Ndiyo maana mashine ikiwa na kazi haikuharibika: ilikuwa hailali. Waandishi wa Linux waliligundua jambo hili na mwishoni mwa 2019 wakaizima HPET kabisa kwenye mashine hizo. Lakini yetu ilikuwa imesimikwa Ubuntu 18.04, aina mojawapo ya Linux, kutoka kwenye flashi ya zamani, kerneli 4.15, bila masasisho. Bando lina bei, na mtu aliyeisimika alikuwa na haraka.

Dawa tatu zilikuwa mezani. Ya kwanza ni kusasisha kerneli, ambayo ndiyo sahihi, lakini ilibidi isubiri intaneti ya usiku. Mbili zilizobaki ni maneno ya kuandika kwenye mipangilio ya kuwashia mashine, nayo hayafanani kabisa ingawa mtandaoni utaona watu wakiyataja kwa pumzi moja. Ukiandika tsc=reliable unamwondoa mlinzi: TSC itaaminiwa hata siku itakapoharibika kwelikweli. Ukiandika hpet=disable unamfukuza mwongo tu. Kerneli itaichukua saa ya tatu, ile ya ACPI iliyoko pia kwenye mazabodi, yenye mipigo 3,579,545 kwa sekunde, na kuifanya mlinzi. Saa hiyo ni nzito na ina alama pana, karibu nanosekunde 279 kila moja, lakini kwa kazi ya kuuliza mara moja kila nusu sekunde inatosha sana. Kati ya maneno hayo mawili mimi nachagua hpet=disable bila kusita. Mashine ya mtumba ambayo hujui ilikotoka haistahili kuaminiwa kwa neno lake yenyewe.

Kijana hakutaka kusubiri. Nilipotoka kwenda kutafuta bando, yeye alikuwa tayari amepata njia ya mkato.

Sifuri, sifuri, nne

Programu yake ilikuwa na logi yake pia, inayoandika muda wa kushughulikia kila ndoo: kusoma mizani, kukokotoa daraja, kuhifadhi. Akawaza, kama saa ni ghali, niombe saa rahisi. Linux inayo. Tangu kerneli 2.6.32 ya mwaka 2009 kuna saa inayoitwa CLOCK_MONOTONIC_COARSE, ambayo haiendi kuuliza kifaa chochote. Inakupa wakati ulioandikwa mara ya mwisho kerneli ilipopigwa mkatizo wake wa kawaida, ule mpigo wa kuishtua kila baada ya muda maalumu. Kuisoma ni nanosekunde chache, hata HPET ikiwa kitini. Programu ikakimbia. Akafurahi tena.

Nilipofungua logi yake, safu ya milisekunde ilikuwa hivi: 0, 0, 4, 0, 0, 0, 4, 0, 0, 0, 0, 4.

Kerneli ya Ubuntu ile hupiga mikatizo 250 kwa sekunde, mmoja kila milisekunde nne. Saa hii rahisi haijui kilichopo katikati. Kazi ya milisekunde moja ikianza na kuisha kati ya mipigo miwili inaandikwa sifuri. Ikiwa mpigo umeangukia katikati yake, inaandikwa nne. Hakuna moja, hakuna mbili, hakuna tatu.

Kijana alinijibu vizuri, na hapa nampa haki yake. Alisema: “Kaka, chukua wastani.” Ni kweli. Kazi ya milisekunde moja inayoanza popote pale ina nafasi moja kati ya nne ya kukumbwa na mpigo, kwa hiyo robo ya namba zitakuwa nne na zilizobaki sifuri, na wastani wa ndoo nyingi utatoka moja. Kila namba ni ya uongo na wastani ni wa kweli. Kwa mtu anayetaka kujua ghala linatumia muda gani kwa siku nzima, saa hii inatosha na ni bure.

Lakini ripoti yake haikuwa ya wastani. Ilikuwa inaonyesha thamani ya katikati (inayokaa katikati namba zikipangwa kwa ukubwa) na thamani kubwa kabisa, kama ambavyo vitabu vinamshauri. Kwa hatua zisizogusa diski, katikati: sifuri. Kubwa kabisa: nne. Alipoboresha hatua ya kukokotoa daraja, ripoti ilisema katikati sifuri, kubwa kabisa nne. Angeiharibu hatua hiyo ikawa nzito mara tatu, bado ingesema nne ndiyo kubwa, na katikati tu ndiyo ingeruka ghafla kutoka sifuri hadi nne kazi ikivuka milisekunde mbili. Na wastani wenyewe una sharti lake: kazi isiwe na uhusiano na mpigo. Kazi inayoamshwa na mpigo huohuo huanza mara tu baada yake, inamaliza kabla ya unaofuata, na itaandikwa sifuri milele hata ikila robo ya prosesa.

Kerneli ilipoondolewa HPET, TSC ikatulia kitini, chai au hakuna chai. Logi ikarudishiwa CLOCK_MONOTONIC ya kawaida, namba zikaanza kuonekana kama za kazi ya kweli: sita sehemu ya kumi, tisa sehemu ya kumi, moja na kitu, na mara mojamoja kumi na kitu diski inapoandika. Zile kumi na kitu ndizo zilizokuwa na habari, na saa rahisi ilikuwa inazionyesha kama nane au kumi na mbili, bila kueleza lolote.

Risiti za jana

Jambo la mwisho lilijitokeza lenyewe, na kwa mwenye ghala ndilo pekee lililokuwa na uzito.

Umeme ulikatika usiku. Asubuhi mashine ikawashwa, mizani ikaanza kupokea ndoo, risiti zikatoka zikiwa na saa ya usiku uliopita. Betri ndogo ya mazabodi, ile ya CR2032, ilikuwa imekufa, kama ilivyo kwa mitumba mingi. Ubuntu ilipokosa saa ya betri ilianza na wakati wa mwisho iliouhifadhi kabla ya kuzimika. Intaneti iliporudi, saa ikarekebishwa kwa mruko mmoja. Rekodi ya mizani, tofauti na logi, ilikuwa bado inatoa muda kwenye saa ya ukutani, ile ya tarehe na saa za kawaida, hivyo ndoo iliyokuwa kwenye mizani wakati huo ikaandikwa kuwa imepimwa kwa saa kadhaa.

Hiyo ndoo ya masaa ilituchekesha. Risiti hazikumchekesha mama. Asubuhi ile bei ilikuwa imepanda. “Mrina akiona risiti ya jana atasema nimemrudisha kwenye bei ya jana. Na mimi nitamjibu nini?”

Kijana aliuliza kwa nini mfumo usisogeze saa polepole badala ya kuruka. Unaweza, lakini mwendo wa kawaida wa kusogeza saa ya Linux una kikomo cha sehemu 500 kwa milioni, yaani kurekebisha sekunde moja huchukua takribani dakika 33. Saa iliyochelewa kwa masaa matatu ingehitaji siku 250. Kwa hiyo lazima iruke, na programu lazima iandikwe ikijua kwamba saa ya ukutani inaruka. Ikirukia mbele unapata ndoo ya masaa. Ikirudi nyuma unapata muda hasi, na hasi ni mbaya zaidi. Sekunde ya nyongeza iliyowekwa kwenye saa za dunia kuingilia mwaka 2017 ilitosha kuangusha sehemu ya huduma ya DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa anwani) ya kampuni ya Cloudflare, kwa sababu programu yao, iliyoandikwa kwa lugha ya Go, ilitoa wakati mmoja kwenye mwingine ikapata jibu chini ya sifuri. Mwezi Agosti mwaka huohuo Go 1.9 ilitoka ikiwa inabeba saa mbili ndani ya kila wakati: ya ukutani, na ile isiyorudi nyuma.

Tulifanya vivyo hivyo. Kila muda wa kazi sasa unatoka kwenye CLOCK_MONOTONIC, ambayo hairuki, ingawa haina maana yoyote mashine ikishazimwa na kuwashwa. Saa ya risiti inatoka ukutani, lakini programu haichapi risiti mpaka saa iwe imesawazishwa na mtandao au karani athibitishe tarehe kwa macho yake. Akithibitisha, risiti inaandika hivyo. Mpangilio wa ndoo, ipi ilitangulia ipi, hautegemei saa tena, unategemea namba ya mfululizo kutoka kwenye hifadhidata. Namba hizo zinaweza kuruka kazi ikikatishwa katikati, na mkaguzi atauliza, lakini hazirudi nyuma. Betri mpya ilinunuliwa sokoni siku hiyohiyo.

Kilichobaki ni ubishi kati yangu na kijana. Anataka muda wa kila hatua ya kila swali uandikwe siku zote, ili tatizo likitokea asilitafute gizani. Mimi nasema hata TSC si bure, na PostgreSQL 10 iliyoko pale ina auto_explain, nyongeza inayoandika yenyewe jinsi maswali yanavyoendeshwa, yenye uwezo wa kuchukua sampuli: swali moja kati ya mengi lipimwe kwa kina, yaliyobaki yaandikwe muda wa jumla tu. Ananijibu kwamba swali baya litakuwa ndilo lile ambalo sampuli haikulichukua. Hajakosea. Tumeiweka kwenye sampuli kwa msimu huu, na karatasi ya mipangilio iliyobandikwa kando ya mashine inasema hpet=disable, kerneli isasishwe, na kabla ya jaribio lolote la kasi soma kwanza current_clocksource.